IBN AL-HAYTHAM: MWANACHUONI WA BASRA NA ELIMU YA NAMBA TASA

  

Wapendwa wanafunzi, na wazazi wetu wa Nachingwea na Ruangwa, wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa hesabu ni somo la shule tu. Asubuhi mtoto anafanya hesabu darasani, alasiri anakuja madrasa, na madaftari ya hesabu yanabaki nyumbani. Kwa fikra hiyo, mtu wa dini hana haja na hesabu, na mtu wa hesabu hana nafasi katika dini. Wanachuoni wetu wa zamani hawakuwa na fikra hiyo. Katika makala hii tutasoma maisha ya mmoja wao, ambaye aliijua elimu ya mwanga, ya nyota na ya namba, na ambaye jina lake linatajwa mpaka leo katika vyuo vikuu vya dunia.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa katika mji wa Basra, kusini mwa Iraq, karibu na mwaka 354 Hijria, sawa na mwaka 965 Miladia. Watu wa Ulaya walishindwa kulitamka vizuri jina la al-Hasan, wakamwita Alhazen.

Basra wakati huo ulikuwa mji wa elimu na wa biashara. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yakishuka kwa pepo za msimu mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kilwa Kisiwani, iliyomo katika mkoa wetu wa Lindi, ilikuwa tayari na wakazi wake. Kwa hiyo huyu tunayemsoma hakuwa mtu wa dunia ya mbali sana na yetu.

Alisoma vitabu vya Wayunani vilivyokuwa vimefasiriwa kwa Kiarabu, hasa kitabu cha Euclid kuhusu maumbo na namba, na kitabu cha Ptolemy kuhusu nyota. Lakini hakuvisoma kama mtu anayekariri. Kila hoja aliipima. Baadaye aliandika kitabu kizima cha kueleza mashaka yake juu ya maneno ya Ptolemy, na humo akafundisha kuwa mwenye kuitafuta haki haimtoshi kuwaamini waliotangulia kwa sababu ya ukubwa wa majina yao. Anatakiwa aichunguze dalili, na aichunguze nafsi yake pia ili asiwe na upendeleo.

SAFARI YA MISRI NA MTO NILE

Mwanahistoria Ibn al-Qifti amesimulia kuwa Ibn al-Haytham aliwahi kusema kwamba angekuwa Misri angeweza kufanya kazi ya kuyadhibiti maji ya mto Nile, yawanufaishe watu katika miaka ya mafuriko na katika miaka ya ukame. Habari hiyo ilimfikia al-Hakim, mtawala wa dola ya Fatimiyya, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 996 mpaka 1021. Al-Hakim akampelekea mali na kumwita. Alipofika, mtawala mwenyewe alitoka nje ya mji wa Cairo kumpokea.

Akapewa mafundi na wafanyakazi, wakapanda mto kuelekea kusini mpaka maporomoko yaliyo karibu na Aswan. Njiani aliyaona majengo makubwa ya Wamisri wa kale, yaliyojengwa kwa vipimo sahihi kabisa. Akafikiri kuwa watu wenye ujuzi wa namna hii, lau kazi hii ingewezekana kwa nguvu zilizopo, wasingeiacha. Alipoyaona maji yenyewe na miamba, akaamini kuwa kwa zana za zama zake jambo hilo haliwezekani.

Ndugu msomaji, fikiria hali ya mtu huyu. Ameitwa kutoka nchi ya mbali, amepewa mali na watu, na anayemsubiri ni mtawala aliyejulikana kwa kubadilika ghafla na kuua watu. Angeweza kudanganya na kujenga chochote ili siku zipite. Yeye alirudi Cairo akasema kuwa kazi haiwezekani, akaomba radhi.

Al-Hakim alimkubalia udhuru wake na kumpa kazi ya serikali, lakini Ibn al-Haytham hakuwa na amani. Wasimulizi wanasema alijifanya amepoteza akili ili aachwe. Mali yake ikachukuliwa, akawekwa ndani ya nyumba yake chini ya uangalizi mpaka al-Hakim alipoondoka duniani mwaka 1021. Hapo ndipo alipojitokeza, na watu wakajua kuwa akili yake ilikuwa timamu siku zote.

Inafaa tukumbuke kuwa sehemu ya maji yale aliyoyatazama Aswan hutoka huku kwetu. Mto Kagera unaingia Ziwa Viktoria, na Nile inatoka ziwani hapo Jinja, nchini Uganda. Bwawa kubwa la Aswan lilijengwa kuanzia mwaka 1960 na kukamilika mwaka 1970, zaidi ya miaka 940 baada ya kufa al-Hakim. Wazo la Ibn al-Haytham halikuwa la upuuzi. Zana zake ndizo zilizokuwa hazijafika.

NAMBA TASA NI NINI?

Watu wengi wanamjua Ibn al-Haytham kwa kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba. Humo alieleza kuwa jicho linaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia jichoni, siyo kwa miali inayotoka jichoni kwenda kwenye vitu kama walivyodhani Euclid na Ptolemy. Lakini sisi leo tutakaa zaidi kwenye kazi yake ya namba, kwa kuwa haitajwi sana.

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa namba hiyo yenyewe. Mfano ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Mkulima wa Ruangwa mwenye miche 12 ya mikorosho anaweza kuipanda safu 3 za miche 4, au safu 2 za miche 6. Akiwa na miche 13, hawezi kuipanga katika safu zilizo sawa, ila aipande yote katika mstari mmoja. Hiyo 13 ni namba tasa.

Wanafunzi wa mirathi wanakutana na jambo hili bila kulitaja jina. Chukua maiti aliyeacha mke mmoja na watoto watano wa kiume. Mke ana thumuni, kwa hiyo asili ya mas'ala ni 8. Mke anachukua 1, watoto wanabaki na 7. Saba haigawanyiki kwa watano, na baina ya 7 na 5 kuna tabayun, yaani hakuna namba inayozigawa zote mbili isipokuwa 1. Basi tunazidisha 8 kwa 5, tunapata 40. Mke anapata 5, na kila mtoto 7. Anayekosea hapa anamdhulumu mjane au yatima. Hivyo hesabu ya vigawo inaingia moja kwa moja katika haki za watu.

SWALI LA MAYAI

Ibn al-Haytham alishughulikia swali ambalo tunaweza kuliweka hivi. Mama mmoja ana tenga la mayai. Akiyahesabu mawili mawili, linabaki yai 1. Akiyahesabu matatu matatu, linabaki 1. Vivyo hivyo akiyahesabu manne manne, matano matano na sita sita. Lakini akiyahesabu saba saba, halibaki yai hata moja. Je, ana mayai mangapi?

Mtu anaweza kukisia mpaka achoke. Ibn al-Haytham alitoa njia. Zidisha 1 mara 2 mara 3 mara 4 mara 5 mara 6, utapata 720. Ongeza 1, utapata 721. Namba 720 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6, kwa hiyo 721 itabakisha 1 kwa kila mojawapo. Na 721 ukiigawa kwa 7 unapata 103 kamili. Pia alionesha njia ya pili ya kupata majibu mengine, na jibu dogo kuliko yote ni mayai 301.

Jambo kubwa liko katika njia ile ya kwanza, kwa sababu haikuwa ya 7 peke yake. Ibn al-Haytham alitambua kuwa ni tabia ya namba tasa zote. Chukua namba tasa yoyote, zidisha namba zote zilizo kabla yake kuanzia 1, kisha ongeza 1. Jibu litagawanyika kwa namba tasa hiyo bila baki. Kwa 5 tunapata 25. Kwa 11 tunapata 3,628,801, ambayo ni 11 mara 329,891. Kwa 13 tunapata 479,001,601, ambayo ni 13 mara 36,846,277.

Namba isiyo tasa haina tabia hiyo. Chukua 9. Miongoni mwa namba zilizo kabla yake imo 3, ambayo ni kigawo cha 9. Zao la namba zote hizo, yaani 40,320, linagawanyika kwa 3. Ukiongeza 1, lazima ibaki 1 ukigawa kwa 3. Namba isiyogawanyika kwa 3 haiwezi kugawanyika kwa 9. Kwa hiyo kanuni hii inazitenga namba tasa na zisizo tasa bila kukosea hata mara moja.

Ulaya iliipata kanuni hii zaidi ya miaka 700 baadaye. Mwaka 1770 Mwingereza Edward Waring aliichapisha akimnasibishia mwanafunzi wake John Wilson, na wote wawili hawakuwa na uthibitisho. Mwaka 1771 Lagrange ndiye aliyeithibitisha. Mpaka leo vitabu vinaiita kanuni ya Wilson, ingawa Ibn al-Haytham ndiye aliyeitangulia.

NAMBA TIMILIFU NA KAZI ALIYOIACHA NJIANI

Kuna namba ambazo Waarabu waliziita tamm, nasi tutaziita namba timilifu. Ni namba ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, unairudia ileile. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28.

Euclid alionesha namna ya kuzipata. Anza na 1 na uendelee kuongeza mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16. Jumlisha ulizonazo. Kama jumla ni namba tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyoiongeza. Kwa mfano 1, 2 na 4 jumla yake ni 7, nayo ni tasa. Saba mara 4 ni 28. Ukijumlisha mpaka 16 unapata 31, nayo ni tasa, na 31 mara 16 ni 496, namba timilifu. Lakini ukiishia kwenye 8 jumla ni 15, ambayo siyo tasa, na hupati kitu.

Ibn al-Haytham akauliza swali kwa upande wa pili: Je, kila namba timilifu inayogawanyika kwa 2 ni lazima itokane na njia hii? Aliliandikia katika kitabu chake cha uchambuzi na uunganishaji wa hoja. Alifanikiwa kuthibitisha kwa baadhi ya hali, lakini hakuweza kuzimaliza zote. Uthibitisho kamili ulipatikana katika karne ya 18, kwa mkono wa Leonhard Euler. Na swali la kama kuna namba timilifu isiyogawanyika kwa 2 halijajibiwa na mtu yeyote mpaka sasa.

MAISHA YAKE YA MWISHO

Baada ya mwaka 1021 Ibn al-Haytham alikaa karibu na msikiti wa al-Azhar. Hakurudi kwenye kazi za serikali. Kila mwaka alinakili kwa mkono wake vitabu vya hesabu na nyota, kikiwemo cha Euclid na cha Ptolemy, na kuviuza kwa dinari 150 za Misri. Hiyo ndiyo iliyokuwa chumo lake la mwaka mzima. Muda uliobaki aliutumia kufundisha na kuandika. Wanahistoria wametaja majina ya vitabu na risala zake zaidi ya 90. Alifariki Cairo karibu na mwaka 1040.

Kitabu chake cha mwanga kilifasiriwa kwa Kilatini na kuchapishwa Basel mwaka 1572. Katika nchi za Kiislamu, Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki karibu na mwaka 1319, alikifanyia sherehe kubwa, na yeye pia aliandika juu ya namba tasa na namna kila namba inavyojengwa kutokana nazo.

NAMBA TASA KUBWA ZA ZAMA ZETU

Wakongwe wa Nachingwea wanaukumbuka mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Basi tuchukue karanga. Siku ya kwanza weka karanga 1, siku ya pili 2, ya tatu 4, na uendelee kuongeza mara mbili kila siku. Siku ya 31 ikiisha, jumla yako itakuwa karanga 2,147,483,647. Namba hii ni tasa. Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, akiwa karibu kuwa kipofu kabisa. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua namba tasa kubwa zaidi yake. Namba tasa za aina hii zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la Mfaransa aliyezichunguza katika karne ya 17. Siyo kila siku inatoa namba tasa. Siku ya 11 jumla ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya aina hiyohiyo, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejulikana. Aliyeipata ni Mmarekani Luke Durant, kwa msaada wa kompyuta nyingi za nchi mbalimbali. Ungetaka kuifikia kwa karanga, ungeongeza mara mbili kila siku kwa siku 136,279,841, yaani zaidi ya miaka 370,000. Ukiiandika, ina tarakimu 41,024,320. Na kwa njia ileile ya Euclid, namba hiyo inazaa namba timilifu yenye tarakimu 82,048,640. Uthibitisho wa Euler ndio unaotuhakikishia kuwa kila namba timilifu inayogawanyika kwa 2 ina namba tasa ya aina hii nyuma yake, na njia hiyo Ibn al-Haytham ndiye aliyeanza kuisafisha.

Je, kanuni ya mayai inaweza kutumika kuipima namba kubwa kama hiyo? Kwa haki inaweza, kwa kazi haiwezi, kwa sababu kuzidisha namba zote zilizo kabla yake hakuna kompyuta itakayomaliza. Wataalamu wanatumia njia nyingine za mkato. Kanuni inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikawa nzito kuitumia, kama vile wazo la Nile lilivyokuwa zuri likasubiri zana.

Namba tasa zina kazi pia. Tangu mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walipotunga njia yao ya kuficha ujumbe, namba tasa zenye mamia ya tarakimu zimetumika kulinda siri katika mawasiliano ya kompyuta, zikiwemo habari za benki. Kuzidisha 89 kwa 97 ni rahisi, unapata 8,633. Lakini ukipewa 8,633 peke yake utafute ilikotoka, utahangaika. Namba zikiwa kubwa sana, hata kompyuta inahangaika.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Ukweli kwanza. Ibn al-Haytham alisema haiwezekani mbele ya mtawala aliyemwogopa. Mwanafunzi asione aibu kumwambia mwalimu wake kuwa hajaelewa.

2. Elimu haisubiri vifaa vingi. Kanuni ya namba tasa ilipatikana kwa kalamu, karatasi na subira. Vitu hivyo vipo Nachingwea na vipo Ruangwa.

3. Mifano haitoshi. Kanuni ikikubali kwa 5, 7, 11 na 13, bado tunahitaji hoja inayozifunga namba zote. Wilson alikuwa na mifano, Lagrange akaleta hoja.

4. Kazi isiyokamilika si kazi iliyopotea. Alichokiacha njiani mtu wa Basra, wengine walikimalizia baada ya karne saba. Elimu yenye kunufaisha inaendelea baada ya mwenyewe kuondoka.

5. Wazazi, mtoto akiwa na daftari la hesabu mkononi msimwambie aliweke kwa kuwa ni wakati wa madrasa. Kesho ndiye atakayewagawia watu mirathi yao.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Tafuta namba ambayo ukiigawa kwa 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9 na 10 inabaki 1 kila mara, na ukiigawa kwa 11 haibaki kitu. Jibu moja limo ndani ya makala hii. Lakini lipo jibu dogo zaidi, lenye tarakimu tano tu. Litafuteni pamoja na ndugu zenu nyumbani, na mwenye kulipata aoneshe njia aliyoipita, siyo jibu peke yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Haytham, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi tawfiq.